Mwalimu wa Kiingereza na Jukwaa la Shule: Mtazamo wa Kihistoria

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwalimu wa Kiingereza katika shule za sekondari za Kenya alivyokuja kuwa pia mwalimu wa drama, na jinsi jambo hilo lilivyomwathiri mwenzake wa Kiswahili.

Hapana budi tuanzie Alliance High School. Mkuu wake tangu 1940 hadi 1962, Carey Francis, alikuwa mwanahisabati wa Cambridge. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 tamthilia za Shakespeare zilikuwa sehemu ya maisha ya shule hiyo, kama anavyosimulia Ngũgĩ wa Thiong'o aliyesoma hapo kuanzia 1955 hadi 1958. Lakini ni katika shule iyo hiyo ambapo mwanafunzi Henry Kuria aliandika *Nakupenda Lakini* mwaka 1954, nayo ikachapishwa 1957. Mwaka huohuo zilitoka *Afadhali Mchawi* na *Mgeni Karibu* za Graham Hyslop, afisa wa muziki na drama wa serikali ya kikoloni. Yafaa izingatiwe kwamba tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya ilianzia mikononi mwa mwanafunzi na mtumishi wa serikali. Vyuo vya ualimu havikuwa na mkono katika kuzaliwa kwake, na athari za jambo hilo zingaliko.

Mwalimu mwenye shahada, wakati huo, alitoka Makerere, chuo kilichokuwa na uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London tangu 1949. Alisoma fasihi ya Uingereza, kisha akachukua stashahada ya elimu. Walimu hao hawakutosha. Ndipo kuanzia 1961 mpango wa Teachers for East Africa ulipowaleta Wamarekani na Waingereza. Baadhi ya Wamarekani walipata maandalizi New York, katika chuo cha ualimu cha Columbia, wakaendelea Makerere kabla ya kutawanywa mashuleni. Vijana hawa walikuta tamasha la drama la shule limekwisha kuanzishwa, mwaka 1959, na michezo yake mingi ikiwa ya Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza ndiye aliyetazamiwa kuitayarisha, kana kwamba anayejua kuchambua ubeti anajua pia kupanga watu jukwaani. Kwa hakika hizo ni stadi mbili mbalimbali.

Pengo hilo lilianza kuzibwa nje ya darasa la ualimu. Makerere ilianzisha kikundi chake cha michezo ya kusafiri mwaka 1965, kikiigiza kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika. Nairobi ilifuata 1974 chini ya John Ruganda. Mwanagenzi aliyezunguka na vikundi hivyo alijifunza mengi ambayo hayamo katika andalio la somo: kuigiza uwanjani pasipo taa, kupaza sauti penye upepo, kusoma uso wa mtazamaji asiyejua Kiingereza.

Wakati huohuo mjadala wa mtalaa ulipamba moto. Mwaka 1968 Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza mjini Nairobi ivunjwe, fasihi ya Kiafrika ikae katikati. Mwaka 1974 mkutano uliofanyika Nairobi School ukalipeleka suala hilo katika shule za sekondari. Kenyatta College, iliyoanza 1965 katika iliyokuwa kambi ya jeshi la Waingereza pale Kahawa, ilikuwa na Francis Imbuga, ambaye *Betrayal in the City* yake, ya 1976, iliigizwa Lagos mwaka uliofuata. Ushindi ulikuwa mkubwa. Hata hivyo, mageuzi hayo yalibadili vitabu kuliko yalivyobadili lugha, na mwalimu wa Kiswahili alibaki mtazamaji.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulimwita jukwaani bila kumwandaa. Kiingereza na fasihi yake vilifanywa somo moja. Kiswahili nacho kikawa cha lazima, kikitahiniwa hivyo katika mtihani wa KCSE tangu 1989, na tamthilia ikiwa miongoni mwa vitabu vyake teule. Katika kusimamia mazoezi ya kufundisha nimewaona wanagenzi hodari, wenye kuchambua maudhui na wahusika barabara, wakiisoma tamthilia kwa zamu huku darasa zima limeketi. Hakuna anayesimama wala anayeingia au kutoka. Kosa si lao: waliofunzwa kutayarisha mchezo ni wenzao wa idara ya jirani.

Mimi naona kozi ya utayarishaji wa mchezo ifundishwe na idara mbili kwa pamoja, wanagenzi wa Kiswahili na wa Kiingereza katika chumba kimoja, kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha; na mtihani wake uwe onyesho lenyewe, mbele ya watoto wa shule.