Jim Brown, Mkongo wa filamu

Jim Brown alicheza futiboli ya Kimarekani kwa Cleveland Browns, 1957 mpaka 1965. Alikimbia na mpira yadi 12,312. Mwaka 1966 alikuwa Uingereza kwa filamu ya The Dirty Dozen. Kazi ikachelewa, mwenye timu akatisha kumtoza faini. Brown akaacha mpira kabisa.

Mwaka 1968 akatokea katika Dark of the Sun: njo Ruffo, askari Mkongo, ndani ya treni pamoja na bamersenere, wakati wa vita vya Simba. Lakini Kongo ile ilikuwa Jamaika.

Na sisi Likasi? Septemba 1961, mji ukiitwa Jadotville, askari wa Ireland wa ONU walizingirwa hapa kwetu na jeshi la Katanga. Filamu yake, The Siege of Jadotville, ilitoka 2016. Waliitengeneza Afrika Kusini.

Mzee aliyekuwa na miaka 15 siku zile leo yuko na miaka kama 80. Hakuna filamu iliyomuuliza kitu. Sisi tuko na diplome, tuko na telefone. Twende tumuulize, tuandike.