Pikapu ya gitaa la umeme: ipime kwanza, ndipo ununue nyingine

Pikapu tunayoizungumzia hapa si gari la mizigo. Ni kile kipande kirefu, cha plastiki au cha chuma, kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, kati ya shingo na daraja. Gitaa linaweza kuwa na pikapu moja, mbili au tatu. Bila hiyo, gitaa la umeme ni ubao wenye nyuzi: ukilicharaza, anayesikia ni wewe na aliyekaa ubavuni mwako.

Katika bendi na kwaya nyingi gitaa hununuliwa kwa fedha za mchango, na likishanunuliwa hutumika miaka mingi. Likianza kuvuma, kukatakata au kutoa sauti hafifu, hakosekani mtu wa kusema "badilisheni pikapu". Huenda yuko sahihi. Lakini seti ya pikapu tatu zenye jina inaweza kuzidi bei ya gitaa zima la bei nafuu, na ukiagiza isiyofaa kutoka mbali, kuirudisha ni kazi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ununue ipi, hakikisha kwamba mbovu ni pikapu kweli.

Inavyofanya kazi

Ndani ya pikapu kuna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo kuna waya wa shaba mwembamba sana, wenye unene wa takriban milimita 0.06, uliosukwa maelfu ya mizunguko. Pikapu ya kawaida ya koili moja ina mizunguko kama 8,000. Sumaku huufanya uzi wa chuma ulio juu yake nao uwe na usumaku kidogo. Uzi ukitikisika, huzalisha umeme mdogo kwenye ile koili, na umeme huo ndio unaopita kwenye waya hadi kwenye amplifaya. Kanuni hiyo ndiyo ileile tangu magitaa ya umeme yalipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1932.

Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kabisa kwenye pikapu ya namna hii, na nyuzi za shaba zilizotengenezwa kwa gitaa la kawaida husikika kwa shida. Ukiona gitaa limefifia baada ya kuwekewa nyuzi mpya, anza kwa kuzitazama nyuzi zenyewe.

Je, imekufa kweli?

Kipimo rahisi hakihitaji kifaa chochote cha ufundi zaidi ya bisibisi. Chomeka gitaa, weka sauti ya amplifaya chini, fungua sauti ya gitaa yote, kisha gusa juu ya pikapu polepole kwa ncha ya bisibisi. Pikapu nzima itatoa mlio wa "tok". Geuza swichi, jaribu ya pili, halafu ya tatu. Zote zikiwa kimya, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo ni waya wa kuchomeka, tundu la jeki au swichi, kwa sababu ni nadra pikapu zote kufa siku moja. Jaribu waya mwingine kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Fundi redio yeyote mwenye mita anaweza kukupa jibu la uhakika zaidi. Chomeka waya kwenye gitaa, lakini usiuunganishe na amplifaya. Fungua sauti ya gitaa yote, chagua pikapu moja kwa swichi, kisha fundi apime ukinzani kati ya ncha ya jeki na shina lake upande wa pili wa waya. Pikapu ya koili moja kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 5 na 7. Yenye koili mbili husoma 7 hadi 9, na zile zilizosukwa ziwe kali zinaweza kufika 12, hata 16. Mita ikisoma karibu na 250 au 500, koili imekatika: unachokisoma hapo si pikapu tena, ni voliumu ya gitaa. Ikisoma sifuri, kuna waya umegusana na mwingine mahali fulani, au voliumu imefungwa.

Kama pikapu inasoma vizuri lakini sauti ni hafifu, angalia kimo chake. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, kisha pima nafasi iliyopo kati ya uzi na pikapu. Milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba na 2.5 upande wa nyuzi nene ni mahali pazuri pa kuanzia. Skrubu za pembeni ndizo zinazopandisha na kushusha. Usifikirie kwamba ikikaribia zaidi ndiyo bora: sumaku iliyo karibu mno huvuta nyuzi nene, noti inayumba, na gitaa linakataa kupatana hata ulityuni mara kumi. Gitaa la namna hiyo si bovu, linahitaji bisibisi tu.

Mvumo, na hatari isiyohusu pikapu

Pikapu ya koili moja huvuma. Haijaharibika, ndivyo ilivyo: koili ile inayonasa mtikisiko wa uzi hunasa pia mawimbi ya umeme yaliyo hewani. Umeme wa gridi kwetu Afrika Mashariki hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na mwendo huo ndio unaousikia kama mvumo mzito. Taa za mrija, chaja za simu na inveta za sola za bei nafuu huongeza mkwaruzo wao juu yake. Gitaa lililokuwa kimya nyumbani linaweza kuwa kero ukumbini.

Ukishika nyuzi na mvumo ukapungua, hilo ni jambo la kawaida. Lakini ukishika nyuzi na midomo ikagusa maikrofoni ukapigwa shoti, hata ndogo, acha kupiga na uzime mitambo. Tatizo hapo liko kwenye amplifaya, kwenye jenereta au kwenye nyaya za jengo, na hakuna pikapu itakayolitibu. Chanzo kimojawapo ni ethi iliyokatwa: mtu amevunja ule mguu wa juu wa plagi ili iingie kwenye soketi ya miguu miwili, au soketi yenyewe haina waya wa ardhini. Hiyo ni kazi ya fundi umeme, na isisubiri tamasha lijalo. Inaua.

Kwa mvumo wa kawaida, dawa ya bei nafuu ni kuzungushia karatasi ya alumini au ya shaba ndani ya shimo la pikapu na la voliumu, kisha kuiunganisha na waya wa ethi wa gitaa. Hupunguza mkwaruzo wa taa na chaja vizuri sana. Ule mvumo mzito wa chini hauondoki wote. Mwenye kutaka uondoke itabidi abadilishe aina ya pikapu.

Koili moja au mbili?

Mwaka 1955 mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson, Marekani, alitengeneza pikapu yenye koili mbili zilizokaa bega kwa bega. Moja imesukwa kinyume cha nyingine, na sumaku zake pia zimepinduliwa. Sauti ya uzi kutoka koili zote mbili hujumlishwa, ila mvumo wa hewani hufutana. Kuanzia 1957 magitaa ya Gibson yakaanza kuuzwa na pikapu hiyo, nayo huitwa hambaka.

Sauti zake hazifanani. Koili moja hutoa sauti nyembamba, yenye makali na inayong'aa. Hambaka hutoa sauti nene, ya mviringo, yenye nguvu zaidi. Hapa ndipo wauzaji wanapowapotosha watu kwa kusifia nguvu. Katika muziki wetu wa dansi, na katika benga, magitaa mawili au matatu hujibizana: solo inapita juu, rithimu inajaza katikati, besi inashika chini. Kila moja lazima isikike noti kwa noti. Pikapu zilizosukwa ziwe kali sana hupoteza sauti za juu na huanza kukwaruza mapema kwenye amplifaya. Zinampendeza mpiga roki. Ukiziweka kwenye gitaa la solo na la rithimu kwa pamoja, unapata uji.

Kwa mpiga solo wa sauti safi, ninachoshauri ni koili moja ya nguvu ya kawaida, kilo-omu 6 hivi. Anayepiga kila mara mahali penye jenereta na taa za mrija, na mvumo umeshamshinda, atafute hambaka nyembamba iliyotengenezwa kwa umbo la koili moja. Inaingia kwenye shimo lilelile bila kuchonga mbao. Sauti yake si ile ya koili moja kamili, ni nene kidogo, lakini ukimya wake una thamani. Unaweza pia kuiweka upande wa daraja tu, na kuziacha nyingine mbili kama zilivyo.

Kuhusu sumaku, utakutana na majina mawili. Aliniko ni mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Ile ya namba 5 inang'aa, ya namba 2 ni laini zaidi. Sumaku ya kauri ni rahisi kuitengeneza na ina nguvu. Ndiyo iliyomo kwenye magitaa mengi ya bei nafuu. Geuza pikapu: ukiona kipande cheusi cha mstatili kimegundishwa chini yake, hiyo ni kauri. Watu huidharau bila sababu. Kuna pikapu za kauri nzuri sana, na kama yako inakuridhisha, usiibadilishe kwa sababu ya jina.

Zipo pia pikapu zinazotumia betri ya volti 9, kama zile za EMG. Ni kimya na zina nguvu, lakini betri ya mraba haipatikani kila duka la kijijini, na ukisahau waya umechomekwa usiku kucha, betri inaendelea kuliwa. Kwa bendi iliyo mbali na mji, nisingezichagua.

Itaingia?

Chukua rula. Hambaka ya kawaida ina urefu wa takriban milimita 70 na upana wa 38, na haiingii kwenye shimo la koili moja bila mbao na plastiki kukatwa. Pima urefu, upana, kina cha shimo na umbali kati ya skrubu mbili za kuishikilia. Pima pia umbali kutoka katikati ya kichwa cha sumaku cha uzi wa kwanza hadi cha sita. Hambaka za kale zina milimita 49 au 50, na magitaa mengi ya sasa upande wa daraja yanahitaji 52 au 53. Pikapu ya besi usiiagize kwa ajili ya solo, wala ya solo kwa ajili ya besi.

Uliza pia imetengenezwa kwa upande gani. Karibu na daraja uzi hutikisika kidogo kuliko karibu na shingo, kwa hiyo pikapu ya daraja husukwa mizunguko mingi zaidi. Ukiiweka ya shingo kwenye daraja, upande huo utakuwa hafifu. Ukihama kutoka koili moja kwenda hambaka, kumbuka voliumu: koili moja huendana na ya kilo-omu 250, hambaka na ya 500. Si lazima kuibadilisha, ila hambaka kwenye 250 hupoteza mng'ao.

Ukinunua kwa mtu kupitia simu, mwambie akutumie picha mbili: pikapu ikiwa kando ya rula, na mita ikiwa imeunganishwa na nyaya zake. Majina makubwa yanaigwa sana, na mita haitakwambia kama jina ni la kweli, lakini itakwambia kama koili ni nzima. Pikapu ya mtumba iliyo nzima ni ununuzi mzuri. Kama koili haikukatika, umri hauipunguzii kitu cha maana.

Kuhusu kusuka upya, mafundi wa kusuka mota huulizwa mara kwa mara. Kazi ni ileile kwa kanuni, lakini waya wa milimita 0.06 hukatika ukiuvuta kidogo tu, na wengi wao hawauweki. Jaribu kwa pikapu nzuri ambayo huwezi kupata mbadala wake. Ya kauri ya bei nafuu haistahili taabu hiyo.

Siku ya kuifunga

Kabla fundi hajagusa waya wowote, piga picha kadhaa za nyaya zilivyo, kwa karibu na kwenye mwanga. Usiamini rangi, kwa sababu kila mtengenezaji ana zake. Tumia mchoro wa kampuni iliyotengeneza pikapu hiyo. Fundi asilehemu kwa muda mrefu mahali pamoja, maana joto huharibu voliumu. Na ule waya mmoja unaotoka kwenye daraja kwenda kwenye ethi urudi mahali pake, la sivyo gitaa litavuma kuliko mwanzo.

Ukibadilisha moja kati ya tatu, weka swichi kwenye nafasi inayounganisha pikapu mbili. Sauti ikiwa nyembamba na tupu, kama redio iliyo mbali na kituo, pikapu hizo zinapingana. Kwenye pikapu mpya yenye nyaya mbili, mwambie fundi abadilishane nyaya hizo, na sauti itajaa. Kisha rudi kwenye kimo, milimita 2 na 2.5, na urekebishe kwa sikio. Ya zamani kama ni nzima, ifunge kwenye karatasi na uiweke pakavu, mbali na kadi za benki. Yuko mpiga gitaa mwingine ambaye yake imekatika.