Barabara ya Kampene ilifunguliwa kwa ajili ya madini, si ya watu wa miguu

Wengi wanauliza: kwa nini barabara yetu haina njia ya pembeni ya watu wa miguu?

Jibu liko katika historia. Kutoka miaka ya 1930 Maniema ilijulikana kwa kasiterite. Wakati wa Wabelgiji barabara zilifunguliwa ili malori yatoe madini. Mchimbaji na bibi yake walipita pembeni, kwenye majani. Lakini malori yalikuwa machache, na kantonye walifyeka, dereva akaona mbali.

Mwaka 1976 makampuni ya bati ya Maniema na Kivu yaliungana kuwa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani. Kazi ikalegea, mvua ikaanza kula barabara. Vita vya 1996 na 1998 vikamaliza yaliyobaki, watu wakasukuma mizigo kwa kinga. Kisha pikipiki zikaja. Zinabeba wagonjwa, mchele, hata mafuta. Ila zinapita palepale mtoto anapopita na bidoni ya maji.

Tuanze na tunaloweza: salongo ya kufyeka pembeni, matuta ya udongo mbele ya shule na soko, na motari apunguze mbio. Gari zetu hupita kuume, basi sisi tutembee kushoto, tuone kinachokuja. Mtoto aliyefika jana toka kijijini hajui hayo. Jirani, mwonyeshe leo.