Mshauri Aliyepitia Yale Yale

Ziwa la Ng'ombe, jirani na Bombolulu na Frere Town, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, nyumba zimesongamana na watu wanajuana vilivyo. Mshauri nasaha wa mtaa kama huu hawezi kujifanya hana historia. Mteja anajua anakoishi na jamaa zake ni akina nani, na pengine anamkumbuka enzi zile alipokuwa akishinda maskani na mateja wenziwe, watumiaji wa dawa za kulevya. Mambo yake yamekwisha kujulikana. Lililobaki ni kuamua ayaseme yapi, lini, na kwa faida ya nani.

Taaluma hii ilipokuwa ikichipuka Ulaya, walimu wake walitaka kinyume kabisa. Mwaka 1912 Sigmund Freud aliwashauri madaktari wenzake wawe mithili ya kioo: mgonjwa ajione mwenyewe, asimwone tabibu. Mwanafunzi wake, Sándor Ferenczi wa Budapest, alithubutu kwenda mbali upande wa pili. Mnamo 1932 alikubali kuchunguzwa nafsi na mgonjwa wake mwenyewe, zamu kwa zamu. Jaribio hilo halikudumu, naye akafariki mwaka uliofuata.

Pwani ilikuwa na desturi yake. Katika uganga wa pepo, kwa Waswahili na kwa Wamijikenda, waganga wengi walianza wakiwa wagonjwa. Mtu aliugua, akapelekwa kwa mganga, akachezewa ngoma. Akipona, alibaki kujifunza hadi naye akawa na kilinge chake. Maradhi aliyougua hayakufichwa. Ndiyo yaliyompa haki ya kuwahudumia wengine. Ushauri nasaha wa leo haukutokana na uganga, lakini ulikuja kwa watu ambao hawakuwahi kuona ajabu mponyaji kuwa aliwahi kuugua.

Ukimwi ndio uliolazimisha mponyaji wa aina hii, aliyewahi kuugua, kuingia katika huduma za kisasa. Mwaka 1987, nchini Uganda, Noerine Kaleeba alimpoteza mumewe kwa ugonjwa huo, na mwaka huo huo yeye na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye Ukimwi. Wengi wa waanzilishi walikuwa wenyewe wanaishi na virusi, na baadhi yao hawakuishi kuyaona matunda ya kazi yao. Mgonjwa aliyefukuzwa na ndugu zake aliketi mbele ya mtu mwenye hali kama yake, na hilo lilifanya kazi ambayo kijitabu cha mafunzo hakingeweza kuifanya. Huko Mombasa nako, kuanzia 2000, mradi wa afya wa wanawake wauzao ngono katika mitaa ya Kisauni na Chaani uliwategemea waelimishaji rika waliotoka miongoni mwao.

Kisha ukaja unga, yaani heroini. Ulienea pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980, na mwaka 1995 Omari Project, mradi wa kuwasaidia watumiaji, ikaanza kazi Malindi. Zanzibar, nyumba za kwanza za walioacha dawa zilifunguliwa 2009, zikiendeshwa na waathirika waliopona kwa kufuata hatua kumi na mbili, njia iliyotokana na chama cha walevi walioacha pombe kilichoasisiwa Marekani mwaka 1935. Humo kusimulia yako ndiyo tiba yenyewe. Matibabu ya methadone, dawa inayotolewa badala ya heroini, yalipoanza Kenya, katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi mwishoni mwa 2014 na Malindi 2015, kisha yakafika Mombasa, walioacha unga walihitajika kwenda maskani kuwaita wengine.

Ni kazi ya thamani kubwa, na ina hatari zake. Simulizi ikirefuka, mteja hugeuka msikilizaji, akaanza kumhurumia mshauri na kumficha yake. Wengine hudhani njia iliyomwokoa mmoja ndiyo pekee. Na anayerudia kila wiki habari za sindano huenda akaamsha hamu aliyodhani imelala.

Sheria ya Kenya ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliiweka taaluma hii chini ya bodi. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kumshurutisha mtu apimwe virusi ili apate kazi, na mshauri naye yumo katika kinga hiyo: hali yake ni yake, aiseme akitaka. Aliyewahi kutumia unga anastahili heshima iyo hiyo. Msimamizi anayemtuma arudi maskani alikokuwa akivuta ana wajibu wa kukaa naye, kabla hajaenda na akisharudi, amuulize hali yake.