Sikukuu za Watakatifu Wasimamizi nchini Italia

Kila mji wa Italia una mtakatifu wake msimamizi, na siku yake ni ya mapumziko katika mji huo tu. Milano hupumzika tarehe 7 Desemba kwa heshima ya Mtakatifu Ambrosi, Roma tarehe 29 Juni kwa ajili ya Petro na Paulo. Firenze humwadhimisha Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni kwa misa, fataki na fainali ya calcio storico, mpira wa jadi ambamo ngumi na mieleka ni ruksa. Kanisa na mtaa husherehekea pamoja, na huo ndio uhai wa sikukuu hizi.

Mfano ulio bora ni Catania, kisiwani Sicilia, chini ya mlima wa volkano Etna. Msimamizi wake ni Agata, binti aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 251, enzi za Kaisari Decius. Sherehe huanza tarehe 3 Februari kwa maandamano ya viongozi wa dini na wa serikali ya mji, na usiku hupigwa fataki. Alfajiri ya tarehe 4, chumba cha masalia katika kanisa kuu hufunguliwa kwa funguo tatu tofauti. Sanamu yenye masalia, iliyosheheni vito, hupandishwa juu ya gari la fedha. Waumini waliovaa majoho meupe na kofia nyeusi za mahameli hulivuta kwa kamba mbili ndefu, wakipunga vitambaa vyeupe na kuliitikia jina la Agata kwa sauti moja.

Mbele ya gari hilo hutangulia candelore, minara ya mbao iliyonakshiwa kwa dhahabu, yenye uzito wa mamia ya kilo. Minara mingi ni ya makundi ya wafanyakazi, wakiwemo waoka mikate, wachinjaji na wauza samaki, na wapagazi wake huiyumbisha kwa madaha. Waumini wengine hubeba mabegani mishumaa mikubwa ya nadhiri. Nta huchuruzika barabarani kiasi cha kufanya njia iteleze, hata hulazimu kumwagwa unga wa mbao.

Msafara huzunguka siku mbili, na mara nyingi hurudi kanisani asubuhi ya tarehe 6.

Catania humwadhimisha Agata tena tarehe 17 Agosti, kukumbuka masalia yake yaliyorudishwa kutoka Konstantinopoli mwaka 1126.