Mfahamu Tony Armstrong: kutoka uwanjani hadi kwenye maikrofoni

Tony Armstrong ni mtangazaji wa Australia aliyewahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Alizaliwa mwaka 1989 na ni wa jamii ya Gamilaroi, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa nchi hiyo.

Mchezo wake ni upi?
Si soka tunalolijua. Mpira wa Kiaustralia huchezwa kwenye uwanja wa umbo la yai, wachezaji 18 kila upande. Mpira hupigwa kwa mguu au kwa ngumi, lakini hauruhusiwi kurushwa kwa mkono. Goli ni pointi 6.

Maisha ya uwanjani
Armstrong alianza kucheza ligi kuu, AFL, mwaka 2010 akiwa na Adelaide. Baadaye alihamia Sydney, kisha Collingwood. Hakuwa nyota. Mwaka 2015 aliachwa na klabu akiwa na umri wa miaka 26, baada ya mechi 35 tu. Hapo ndipo wachezaji wengi husahaulika.

Kuanza upya
Yeye aligeukia utangazaji. Alitangaza mechi kwenye redio ya wenyeji asilia, akafanya kazi na televisheni yao, NITV, kisha akajiunga na shirika la utangazaji la taifa, ABC. Mwaka 2021 alikuwa msomaji wa habari za michezo katika kipindi cha asubuhi, News Breakfast. Mwaka 2022 alipata tuzo ya Logie ya kipaji kipya kinachopendwa zaidi na watazamaji. Aliondoka kwenye kipindi hicho mwaka 2024.

Kwa nini sauti yake ina uzito?
Wachezaji wa jamii za wenyeji asilia wamechangia sana mchezo huu, lakini wengi wametukanwa kwa rangi yao. Adam Goodes, aliyecheza naye Sydney, alizomewa na mashabiki wiki baada ya wiki mwaka 2015, akastaafu mwaka huohuo. Mwaka 2024 Armstrong aliendesha kipindi cha makala cha sehemu tatu, End Game, kuhusu ubaguzi wa rangi michezoni.

Kwa kijana aliyeachwa na timu, au anayejitolea katika redio ya jamii, hili ni la kukumbuka: Armstrong alifahamika nchi nzima kwa kazi aliyoianza baada ya klabu kumwambia hawamhitaji tena.