Msalaba wa Shaba Kifuani mwa Vijana Wetu

Katika mwaka wa Jubilei vijana wa kundi la mpira la parokia yetu hapa Lubumbashi waliomba ruhusa ya kubadili alama ya shati zao. Ile ya zamani ni simba aliyeigwa katika gazeti la Ulaya. Badala yake walitaka msalaba wa shaba. Wazee wengine walishtuka: je, hiyo si alama ya bendera ya Katanga ya 1960? Ulizo hilo ni la haki.

Bendera ile ilikuwa na misalaba mitatu, nayo ilishushwa mwaka 1963, utengano ulipokwisha. Watu wengi walikufa katika miaka ile, na kijana asiyeiona asiwacheke wazee. Lakini msalaba wenyewe haukuzaliwa na siasa. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walianza kuchimba makaburi ya kale mwaka 1957. Waliikuta misalaba hiyo juu ya vifua na karibu na mikono ya wafu waliozikwa karne nyingi kabla Mzungu hajafika katika inchi hii. Kadiri vizazi vilivyofuatana, misalaba ilizidi kuwa midogo na ya kufanana, maana ilikuwa imegeuka feza. Kwa shaba hiyo mtu alinunua vitu, tena alilipa mahari.

Kazi yake ilikuwa ya jasho. Wakati wa kiangazi walichimba jiwe la kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala, wakavuta mivukuto mpaka shaba ikayeyuka, kisha wakaimwaga katika umbo lenye mikono minne. Mafundi hao waliitwa walaji wa shaba. Monsinyori de Hemptinne, Mbenediktini, aliandika juu yao mwaka 1926. Basi mikono ile minne siyo Msalaba wa Bwana wetu, wala isihubiriwe hivyo, hata kama makatekista wenzangu wangependa.

Kubadili alama si jambo geni katika mji huu. Mwaka 1939 Wabenediktini walianzisha kundi la Saint-Georges katika masomo ya Saint-Boniface. Baadaye likaitwa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kompani ya pneu, mwishowe Mazembe. Mtakatifu aliondoka, tajiri naye akaondoka. Leo alama yao ni mamba mwenye mpira kinywani, na kila mtoto wa Lubumbashi anaijua.

Baraza la parokia limekubali msalaba mmoja, si mitatu, pasipo rangi nyekundu, nyeupe na kijani za bendera ile. Jina la mtakatifu somo wa parokia litaandikwa juu yake. Mshonaji asema uzi wa rangi ya shaba haupatikani sokoni. Sasa anajaribu kuchanganya wa kahawia na wa machungwa.